Mafuta Yanayozama

Pemba hapana asiyeijua harufu ya karafuu, ila wanaojua makonyo huishia wapi si wengi. Msimu ukiingia, karafuu huchumwa kwa mashada, huletwa nyumbani jioni, na watu wakakaa kitako kuichambua: shada mkono mmoja, linasuguliwa juu ya kiganja cha pili, punje zinamwagika huku, konyo linatupwa kule. Punje ndiyo mali. Huanikwa juani juu ya majamvi mpaka zikauke zikawa za kahawia, zikapelekwa kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar, na fedha zake ndizo zilizojenga nyumba na kuozesha vijana. Makonyo hubaki lundo pembeni. Maisha yangu ya kazi, tangu usichana hadi kustaafu, nimeyamaliza juu ya lundo lile.

Kwetu tulikuwa na mikarafuu michache, na babu alipenda kutusimulia yale aliyoyasikia kwa wazee wake kuhusu kimbunga cha 1872, kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha sehemu kubwa ya ile ya Pemba. Tangu hapo karafuu nyingi ya Zanzibar hutoka kisiwani kwetu. Sisi watoto tukijua kuchuma, kuchambua na kuanika. Kwamba ndani ya konyo mna kitu cha kuuzwa ng'ambo, hilo nililijua siku nilipoajiriwa kiwanda cha makonyo, Wawi, nje kidogo ya Chake Chake.

Ukiitazama kwa mbali, kazi ni nyepesi. Pana boila la kuchemshia maji. Pana tangi kubwa lenye sakafu ya matundu, ambamo makonyo hushindiliwa. Juu ya tangi hutoka bomba linalopita katika maji baridi, na mwisho wa bomba pana chombo cha kutenganishia. Mvuke huingia kwa chini, hupanda ukipenya kila upenyo wa makonyo, hutoka na mafuta, hupozwa, hurudi kuwa maji. Basi.

Ila ndani ya wepesi huo mna jambo ambalo mpaka leo nikilieleza husisimka. Nguvu ya karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli, na yujenoli peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za Selsiasi. Ukitaka kuitoa kwa moto mtupu, utayaunguza makonyo kabla hujapata kitu. Mvuke wa maji hauna haja ya kufika huko. Maji na mafuta havichanganyiki, kwa hiyo kila kimoja hutoa mvuke wake bila kujali mwenzake, na misukumo yao miwili ikijumlishwa huushinda mgandamizo wa hewa kabla nyuzi 100 hazijatimia. Mafuta yanatoka pamoja na maji, salama, kwa joto lisilofika hata nusu ya lile yanalochemkia yenyewe.

Mzee aliyenipokea kwenye chumba cha matangi hakuwa na elimu ya kemia, lakini aliijua kazi kwa masikio. Alikuwa akisimama karibu na bomba, akisikiliza, kisha akaamuru kuni zipunguzwe.

"Mwanangu," aliniambia, "usiukimbize mvuke. Ukienda mbio unajichimbia njia moja katikati, unapita humo humo, na makonyo ya pembeni yanabaki na mafuta yao."

"Na nitajuaje, baba, kama umejichimbia njia?"

"Maji ya bomba yatakuja moto, na chini hutaona kitu."

Chini ya chombo cha kutenganishia ndipo mahali nilipopapenda kuliko pote kiwandani. Mafuta mengi ya mimea huelea. Mchaichai, mkaratusi, mrehani, yote hukaa juu ya maji na huchotwa kwa juu. Ya karafuu ni mazito kuliko maji, hivyo huzama. Maji yanapotoka kwenye kipozeo huwa meupe kama tui, kwa sababu mafuta yamo ndani yake kwa chembe ndogo mno. Ukisogeza taa karibu na kioo unaziona chembe zikikutana, zikawa vitone vya manjano hafifu, vikashuka taratibu vikigusa ubavu wa chombo, na mwisho vikaungana chini kuwa tabaka moja safi. Hapo hufunguliwa koki ya chini na mafuta hutoka kwanza. Yale maji meupe hayamwagwi. Yamebeba yujenoli bado, kwa hiyo hurudishwa kuchemshwa tena.

Tofauti kati ya konyo, jani na punje nilijifunza kwa pua kabla sijaijua kwa karatasi. Kilo 100 za makonyo makavu hutoa kilo 5 hadi 7 za mafuta. Majani hutoa kama kilo 2 au 3. Punje zenyewe hutoa 15 na zaidi. Kwa nini basi tusichemshe punje? Kwa sababu punje nzima ina soko lake, na konyo halina kwingine pa kwenda. Tena mafuta ya makonyo ni makali: yujenoli yake hupita asilimia 90. Ya punje yana harufu laini zaidi, yenye utamu ndani yake, kwa kuwa yana asetati ya yujenoli, nayo hiyo huharibika kirahisi ikichemshwa moja kwa moja ndani ya maji badala ya kupitishiwa mvuke. Anayetengeneza manukato atayataka ya punje. Anayetengeneza dawa ya meno au sabuni ataridhika na ya makonyo.

Mafuta haya hayapatani na chuma. Yakikaa kwenye pipa la chuma lisilo na kinga hugeuka rangi na kuwa meusi, ndiyo maana vyombo vyake vizuri ni vya chuma cha pua au kioo. Plastiki nyingine huzilainisha kabisa. Niliwahi kuona kikombe cha plastiki ngumu kilichosahauliwa na mafuta kidogo ndani. Kesho yake kitako kilikuwa kimelegea. Kitu kinacholainisha plastiki, watu wanampaka mtoto kwenye ufizi.

Hapo ndipo ilipo haja yangu ya kuandika.

Lakini kabla sijafika huko, ijulikane kwamba si kila ua au ganda hutolewa mafuta kwa mvuke. Jirani zetu wa Komoro, hasa kisiwa cha Nzwani, wana mlangilangi, na wao huchuma maua alfajiri na kuyapika siku hiyo hiyo. Mafuta yanayotoka mwanzo kabisa huwekwa kando kwa sababu ndiyo yenye harufu bora na bei kubwa. Yanayofuata hushushwa daraja kila saa zinavyokwenda. Ndimu na malimau hukamuliwa ganda bila moto, na ole wake ajipakaye mafuta ya ndimu ya kukamuliwa kisha akatoka juani: ngozi humbabuka ikaacha mabaka. Asumini ndiyo yenye madeko kuliko yote, kwani mvuke huiua. Wafaransa wa Grasse walizoea kuyalaza maua yake juu ya mafuta ya mnyama yaliyoganda mpaka harufu ihamie huko. Bibi zetu hawakufika Grasse, lakini waliitia asumini kwenye mafuta ya nazi, wakayaacha, wakachuja, wakajipaka nywele. Mimi naiona ni elimu ile ile, na naona tumeidharau kwa kuwa imetoka jikoni.

Nilipostaafu sikutaka kukaa. Nilianza kutengeneza mafuta ya kukandia viungo, nikiuzia majirani kwanza, kisha wenye nyumba za wageni, na baadaye nikawafundisha akina mama wa vikundi. Wote walikuja na fikra moja: kwamba mafuta ya karafuu ndiyo dawa, na mafuta ya nazi ni ya kuongezea ujazo, kama mfanyabiashara anayepunja. Kazi yangu ya kwanza kila mara ilikuwa kuigeuza fikra hiyo.

Mafuta ya mvuke hupotea hewani. Ukiyapaka matupu, kiasi kikubwa huruka na kinachobaki huichoma ngozi mahali kilipoangukia. Mafuta ya kuchanganyia ndiyo yanayoyashika yasiruke, yakayatandaza sawasawa, yakayaingiza kidogo kidogo. Maji hayawezi kazi hiyo. Mtu akidondosha mafuta ya karafuu kwenye ndoo ya kuogea akidhani ameyazimua, yatatua chini kitakoni, na kata ya mwisho atajimwagia yakiwa yale yale makali.

Kwetu sisi mafuta ya kuchanganyia ni ya nazi, nami sijaona sababu ya kuyaacha. Nazi inakunwa kwenye mbuzi, inakamuliwa kwa kifumbu, tui linakaa usiku kucha mpaka zito lipande juu. Hilo zito hutiwa sufuriani kwa moto mdogo. Linakatika, linatoa mapovu, sauti ya kuchemka inabadilika maji yanapokwisha, na mashapo yanashuka chini yakiwa na rangi ya dhahabu. Hapo hapo hupakuliwa. Yakizidi kukaa motoni, mafuta yote yatanuka kuungua. Huchujwa kwa kitambaa kikavu, kwani maji yakibaki ndiyo yanayoyaozesha. Yakiwa makavu hudumu muda mrefu, na asubuhi za kipupwe huyakuta yameganda chupani. Yakiwekwa penye joto huyeyuka bila kudhurika.

Si lazima yawe ya nazi. Ya ufuta, unaolimwa sana Lindi na Mtwara, ni mepesi na hayachachi upesi. Ya alizeti ya Singida yanafaa pia, ila yasiwe yaliyokwisha kukaangiwa. Ya mbarika ni mazito mno peke yake, hivyo huyachanganya na ya nazi kwa ajili ya magoti ya wazee. Ya mbegu za ubuyu ni mazuri kwa ngozi kavu, ingawa ni ghali.

Kipimo changu ni hiki. Kwa mililita 30 za mafuta ya nazi, yaani vijiko viwili vya chakula, mafuta ya karafuu ni matone 3. Hiyo ni kama asilimia 0.5, na kwa karafuu hatupiti hapo. Mafuta mengine ya upole zaidi, kwa mtu mzima, hufika asilimia 2, lakini usoni hapana, asilimia 1 inatosha. Akina mama wengi waliposikia matone 3 walicheka. Niliwapa kila mmoja apake kidogo kwenye mkunjo wa mkono, tukasubiri hadi kesho yake. Waliorudi walikiri kwamba joto lake walilisikia vizuri, na hakuna aliyewashwa.

Kati ya yote niliyoyaona, lililonikaa rohoni ni la binti mmoja aliyekuja kwangu na mwanawe anayeota meno. Alikuwa ameuziwa kichupa barabarani, kisicho na jina wala maelezo, akaambiwa apake ufizi. Alikuwa amepaka. Ndani ya mdomo wa mtoto palikuwa pamebabuka peupe, na mtoto alikuwa hataki ziwa. Nilimfuta kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya nazi, kwa sababu mafuta huondolewa kwa mafuta wala maji hayasaidii, kisha nikamwambia mama yake tusikae, twende hospitali. Walikwenda, na mtoto alipona. Muuza kichupa sikumwona, lakini wenzake nimewaona wengi, na wengine huyachanganya na mafuta ya taa ili yaongezeke.

Kubabuka kwa ufizi ni jambo dogo. Mtoto akimeza mafuta ya karafuu hata kiasi cha kijiko cha chai, ini lake linaweza kuharibika. Daktari wa meno hutumia yujenoli, ni kweli, lakini huikoroga na unga wa oksidi ya zinki na kuiweka kwenye jino lililotoboka kwa mkono unaojua. Mtu anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda naye akae mbali nayo, kwa kuwa yujenoli hupunguza kuganda kwa damu. Mjamzito vilevile aulize kwanza kliniki.

Vijana wengi sasa wananunua mitambo midogo ya chuma cha pua na kupika mchaichai, mkaratusi na majani ya mkarafuu wenyewe. Nafurahi mno, maana tumeuza mali ghafi kwa muda mrefu na wengine ndio waliotia chupani. Ninachowaomba ni hiki: andikeni juu ya chupa jina la mmea, sehemu yake iliyopikwa, na kwamba hayapakwi bila kuzimuliwa. Tumieni chupa za kioo cheusi, mzijaze hadi shingoni, mziweke mbali na jua. Msiuze mafuta ya karafuu bila chupa ya mafuta ya nazi pembeni yake. Na wewe mama unayesoma haya, ukiwa na kichupa kisicho na maandishi kabatini mwako, usimpake mtoto wako.