Idd Pili yetu Gishora

Kila Idd watoto huuliza, "Mama, leo twende wapi?" na kila mwaka jibu ni lile lile: kwa shangazi, pilau, kisha nyumbani. Safari hii baba yao alikodi gari, tukampitia mama yake Nyarusange, tukaenda Gishora, kilomita kama 7 kutoka mjini Gitega, kwenye ngoma za wafalme.

Ubishi ulianza ndani ya gari. Mume wangu alikuwa na wasiwasi, maana ngoma zile watu walizitukuza mno. Gishora ilianzishwa na Mwami Mwezi Gisabo baada ya kumshinda chifu aliyemuasi, na ziko ngoma mbili za enzi zenye majina yake, Ruciteme na Murimirwa. Bibi akamjibu mwanawe, "Tunaenda kutazama. Kibla chetu hakihami." Maneno yakaishia hapo.

Kisha Bibi akawaeleza wajukuu. Murimirwa maana yake ile inayolimiwa, na Ruciteme ile inayofyekewa msitu. Jirani zetu Watanzania wana Nane Nane. Wazee wetu walikuwa na Umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama kila Desemba. Mwami ndiye aliyefungua msimu, na ngoma zikaitangazia nchi. Ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, wakati wa Wabelgiji. Tena kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na ni ufalme pia. Mimi nimezaliwa hapa hapa na sikuwahi kuliwaza hilo.

Wapigaji waliingia na ngoma vichwani, huku wanapiga! Mkubwa wangu alijaribu kukadiria uzito wake akashindwa. Walijipanga nusu duara, moja ikawekwa katikati kuongoza, nyingine zikifuata. UNESCO iliuweka mchezo huu katika orodha yake ya urithi mwaka 2014, lakini watoto hawakuwa na habari na UNESCO. Walikuwa wameziba masikio na wanacheka.

Baadaye wageni wakaruhusiwa kujaribu. Kijana wetu wa miaka 6 alipewa fimbo mbili, akapiga hovyo, akashangiliwa. Dada yake wa miaka 9 naye akanyoosha mkono. Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Wewe mwanangu utacheza na wenzako wasichana, ngoma ni ya wanaume." Si kwamba alijitungia. Ni mila ya zamani, na mwaka 2017 serikali ilitoa amri inayokataza wanawake kupiga ngoma hizi.

Binti yangu hakulia. Afadhali angelia. Alirudi akakaa kwenye nyasi, akaniuliza, "Mama, ni dini yetu imekataza?" Nikamwambia hapana, hii si ya dini, ni ya hapa. "Kwa nini sasa?" Nikatafuta jibu, sikulipata. Baba yake akamwambia kuwa ng'ambo, Rwanda, kuna kundi la wanawake wapiga ngoma tangu 2004. Alidhani anamfariji.

Adhuhuri ikaingia. Tuliomba mahali, tukaoneshwa kivuli cha mti, Bibi akatandika kitenge chake tukaswali. Wenyeji walitukaribisha pombe ya ndizi, tukashukuru tukasema hatunywi, wakacheka, hawakuchukia. Tulikuwa na sambusa na chupa mbili za chai, tukala pamoja nao. (Mkienda, bebeni chakula, na maji mengi kuliko mnavyodhani.)

Kurudi, Bibi alikaa nyuma na binti yangu. Nikamsikia akimwambia kwamba ngoma ina tumbo, ina kitovu, na vile vijiti vinavyoshika ngozi vinaitwa maziwa ya mama. Mtoto akanyamaza kidogo. "Basi Bibi, ngoma yenyewe ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Na hawezi kujipiga?"

Bibi alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. Mume wangu akaongeza mwendo.

Jioni ile nilikuta ndoo yangu ya maji imegeuzwa juu chini uani, na miiko miwili ya jikoni haipo mahali pake. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, anamwelekeza mkono wa kushoto. Niliiacha ndoo, nikachota maji kwa sufuria.