Gari la janaza na pesa za mafuta



Ndugu wasomaji, sisi ni kikundi kidogo cha akina mama na vijana hapa Buyenzi, Bujumbura. Kazi yetu tangu mwanzo imekuwa ni kukusanya sadaka, hasa za siku ya Ijumaa, na kuwasaidia wagonjwa wasio na nauli ya kwenda hospitali. Kuna watakaouliza, nauli tu? Ndiyo, nauli tu. Mwaka 2006 serikali ya Burundi ilitangaza kuwa kujifungua, pamoja na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5, ni bure katika hospitali za serikali, na familia nyingi zimefaidika na jambo hilo, Alhamdulillah. Lakini bure hiyo inaanzia mlangoni pa hospitali. Kutoka kitandani kwako hadi kwenye mlango huo ni juu yako mwenyewe.

Na kufika huko kukawa kugumu zaidi. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya jiji, na katika miaka hiyo mafuta ya gari yakawa adimu kwa namna ambayo hatukuwahi kuiona. Magari yalilala kwenye foleni siku mbili tatu, wenyewe wakila na kuswali palepale. Teksi zilizobaki zilipandisha bei, na usiku huzipati hata ukiwa na pesa mkononi.

Sisi tulikuwa na pesa kidogo ndani ya boksi, na daftari la namba za simu za madereva. Avenyu mbili kutoka kwetu ipo kamati ya mazishi, wazee wetu tunaowaheshimu, wenye gari la kubebea janaza. Wazee hawa walikuwa na busara ya kuweka akiba, kwa hiyo gari lao halikuwa likikosa mafuta, kwani maiti hangoji foleni. Kuna na kikundi cha tatu, kinachopika futari ya Ramadhani, wenye masufuria makubwa, viti na turubai ambavyo miezi kumi na mmoja hufungiwa stoo. Vikundi vitatu, mtaa mmoja, msikiti mmoja, na salamu zetu zilikuwa za midomo tu. Sababu ni aibu kuitaja lakini tuitaje: tuligombania nani apitishe boksi lake mlangoni siku ya Ijumaa.

Usiku mmoja wa mwaka 2023 uchungu ulimshika jirani yetu, na mapema ikaonekana kuwa mambo hayaendi sawa. Tulipiga simu zote zilizomo daftarini. Huyu hana mafuta, yule gari liko foleni, wa tatu hapokei. Mmoja wetu akasema, "Na lile la janaza?" Tukanyamaza. Kisha mwingine akasema, "Wale hawatatupa," tukaendelea na simu. Si kwamba tuliomba tukanyimwa. Hatukuomba. Mwisho alilazwa kwenye mkokoteni, akasukumwa na mume wake na vijana wawili hadi wakapata gari barabarani karibu na Alfajiri.

Mama alipona. Mtoto alipumua saa chache, kisha akafariki. Mchana huohuo gari la janaza likatoka, likambeba baba akiwa amempakata mwanawe ndani ya kitambaa cheupe.

Umri uko kwa Allah (S.W.T.), wala hatusemi kwamba tungewahi mtoto angeishi. Lakini swali la kama tuligonga mlango au hatukugonga ni letu sisi, na tutaulizwa.

Sura ya Al-Maa'uun watoto wetu wanaihifadhi madrasa wakiwa wadogo kabisa, na sisi tunaisoma katika swala zetu. Mwisho wake unawalaumu wanaozuia msaada wa vitu vidogo vya nyumbani. Imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) kuwa vitu hivyo ni kama chungu, ndoo na shoka, yaani vile majirani wanavyoazimana kila siku. Hivi ndivyo tulivyokuwa navyo: masufuria stoo, gari uani, pesa ndani ya boksi.

Baada ya wiki mbili tulimwomba imamu atukutanishe. Kikao cha kwanza kilikuwa kigumu. Mzee mmoja wa kamati ya mazishi alisema gari ni amana, limetolewa kwa ajili ya maiti, na sharti la mwenye kutoa wakfu haligeuzwi na watu wa kikao. Vijana wetu waliguna. Lakini tuseme ukweli, mzee alikuwa amesimama pahali pa haki, kwani maulamaa wanalisisitiza sana jambo hilo, na mali nyingi za Waislamu zimepotea kwa watu waliosema "tubadilishe kidogo tu". Imamu hakumpinga. Aliuliza swali moja: mwenye kutoa gari alisema maneno gani hasa? Hakuna aliyekumbuka. Tukampigia simu palepale, mfanyabiashara mmoja wa hapa jijini. Akasema alitoa kwa ajili ya shida za Waislamu na majirani zao. Kisha akauliza, "Kwani mlikuwa mkingoja watu wafe kwanza?"

Basi tangu siku ile gari limebaki la kamati ya mazishi, ufunguo unakaa kwao, na sisi tunatia mafuta. Limo daftari ndani yake: tarehe, nani amebebwa, kutoka wapi kwenda wapi, lita ngapi. Zaka tumezitenga katika bahasha yake, kwani watu wake wanajulikana, na mafuta ya gari tunayanunua kwa sadaka, ili abebwe jirani yeyote awe Muislamu au la. Swali la mgonjwa na janaza vikigongana lilileta mjadala mrefu, maana kuharakisha mazishi ni sunna. Tulikubaliana aliye hai atangulie. Imetokea mara mbili, na mara zote mbili wafiwa wenyewe ndio waliosema mpelekeni mgonjwa.

Msidhani mambo yamenyooka. Dereva tulimsahau kabisa. Kila mtu alihesabu mafuta, hakuna aliyehesabu usingizi wake, mpaka mke wake alipokuja kutugombeza, na alikuwa na haki. Sasa wapo watatu kwa zamu na kila mmoja anapata posho yake. Tairi nalo lilipopasuka tulivutana karibu mwezi mzima kuhusu nani anunue.

Aprili 2024 serikali na Umoja wa Mataifa waliomba msaada kwa ajili ya mafuriko, baada ya watu zaidi ya 200,000 kuathirika tangu Septemba 2023. Gatumba, kilomita 15 hivi kutoka mjini, nyumba zilikuwa ndani ya maji. Tulipeleka masufuria na turubai kwa gari lilelile, na akina mama wa futari ndio waliotufundisha kupikia watu mia tatu bila wali kuungua. Kuanzia hapo salamu zetu zikarudi kuwa salamu.

Yule baba wa mtoto alijiunga nasi mwaka huohuo. Kazi yake ni kupanga foleni ya mafuta usiku. Hakuwahi kuuliza lolote, nasi kwa muda wote ule hatukumwambia kuwa usiku wa mkokoteni gari lilikuwa limeegeshwa avenyu mbili kutoka kwake, tena lina mafuta. Kabla ya kuandika haya tulimwendea nyumbani, watatu kati yetu, tukamweleza na kumtaka msamaha.

Akatukaribisha chai. Akasema, "Nilijua. Siku ile nilikaa mbele pamoja na dereva. Nikauona mshale wa mafuta." Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza zamu ya Alhamisi ni ya nani.