Tusome Shingo ya Ampuli Mbele ya Kuiwasha

Sisi wa mwaka wa sita, tuliopewa kazi ya kusimamia wanafunzi wenzetu, tumeomba nafasi kidogo mu gazeti letu. Tunataka kusema juu ya kitu kidogo ambacho kila mtu anakijua: ampuli, ile wengine wanaita balbu. Tunasema hasa ile ya siku hizi, isiyokula umeme mwingi.

Hapa Kama, umeme si kitu cha kila nyumba. Kuko nyumba zenye pano ya jua na batri, kuko zenye grupu inayonguruma saa mbili tatu za jioni, na kuko zingine ambazo zingali na taa ya petroli ao tochi. Sisi tunaongojea Mtihani wa Serikali tunajua bei ya mwanga. Njo maana ampuli hizi tunazipenda, na hesabu yenyewe inatupa haki.

Tufanye hesabu hiyo. Batri ya volti 12 na amperi-saa 50 inabeba wati-saa 600. Ampuli ya zamani ya wati 60, ile yenye waya mwembamba ndani, itaimaliza yote kwa saa 10. Ampuli ya LED ya wati 9 inatoa mwanga karibu sawa na ule, na batri ileile itaiwasha zaidi ya saa 60. Hata tukikataza batri kushuka kupita nusu, ili isife mapema, bado tutapata zaidi ya saa 30 za kusoma. Sababu ni moja: ampuli ya zamani inageuza karibu sehemu 90 kwa 100 za umeme kuwa joto. Tunalipa feza ya mwanga, tunapewa moto.

Lakini hapa watu wanadanganyika. Wanaona ampuli haichomi sana mkono, wanazani haina hatari hata kidogo. Sivyo.

Mwaka huu, mu matanga moja hapa kwetu, watu walikodi grupu. Kijana mmoja akatafuta ampuli ku nyumba ya jirani, akaipachika mu duyi. Duyi ilikuwa ya kuzungusha, ampuli pia ya kuzungusha. Iliingia vizuri kabisa. Walipowasha, ikalia kama risasi, ikatoa moshi, na giza likashika watu wote. Mama mmoja alipokimbia aligonga sufuria ya chai, ikamwangikia mtoto ku mguu. Halafu maneno yakaanza. Wengine walisema ni alama juu ya marehemu. Wengine wakaanza kumuangalia yule kijana kwa jicho baya, wakiuliza ni nani aliyemtuma.

Asubuhi tuliomba tuonyeshwe ile ampuli. Ku shingo yake, kwa herufi ndogo, iliandikwa 12V. Ilikuwa ampuli ya batri ya jua. Grupu ilikuwa inatoa volti 220, maana yake zaidi ya mara 18 ya zile ilizotengenezewa. Tuliwasomea wazee, mmoja akaomba tusome tena, na maneno juu ya yule kijana yakaisha. Mtoto alipona, lakini alama ya moto iko ku mguu wake.

Tulifikiri sana juu ya jambo hilo. Ampuli za volti 12 na za volti 220 zinaweza kuwa na shingo ya namna moja, ile ya kuzungusha yenye upana wa milimita 27, ao ile ya pini mbili za pembeni. Duyi haiwezi kukataa ampuli mbaya. Macho peke yake ndiyo yanaweza kukataa. Na mu nyumba nyingi, macho yanayojua kusoma ni ya mwanafunzi. Wazazi wetu wametuuzia mihogo na mchele ili tusome. Basi tuwasomee na ampuli.

Haya ndiyo mambo ya kusoma na ya kufanya:

1. Tutafute kwanza herufi V. Ikiandikwa 12V, ni ya batri. Ikiandikwa 220-240V, ni ya grupu ao ya umeme wa mji. Kama maandishi yamefutika, hapana kuijaribu.

2. Tutafute herufi W. Ku sanduku kunaweza kuandikwa namba mbili, kama 9W na 60W. Ya kwanza ni umeme inayokula kweli; ya pili ni ampuli ya zamani inayofanana nayo kwa mwanga. Kama ku taa ya meza kumeandikwa isipite 40W, tuhesabu ile ya kwanza.

3. Tusiifungie mu kifuniko kisicho na tundu la hewa, isipokuwa imeandikwa kwamba inafaa. LED nayo inatoa joto, ku shingo, pale vyombo vyake vidogo viko. Joto likikosa njia ya kutoka, ampuli inakufa mapema. Na wenzetu wa bweni wanaofunga karatasi ya daftari juu ya ampuli ili isiwasumbue wanaolala, waache. Chini ya ampuli ya zamani karatasi ile inaweza kushika moto, na usiku si kila mtu anaangalia ni ampuli gani imewekwa.

4. Mbele ya kubadilisha, tuzime, na kama ni grupu tuizimishe kabisa. Tungoje ipoe. Mikono iwe mikavu. Tushike sehemu ya plastiki, si kioo.

5. Karibu na batri kuwe na fyuzi yenye kipimo kinachofaa waya. Tusiweke kipande cha waya ao karatasi ya sigara pa nafasi yake. Nyaya za batri zikigusana bila fyuzi, zinaweza kuwasha nyumba hata kama volti ni 12 tu.

6. Tuangalie kama imeandikwa Hg. Hiyo ni alama ya zebaki.

Juu ya zebaki tuseme zaidi kidogo, maana Maniema ni inchi ya dhahabu, na wachimbaji wengi wanajua zebaki inavyokamata dhahabu. Ampuli za LED hazina zebaki. Zile za mrija wa kioo uliopindwa ndizo zinayo, mara nyingi chini ya miligramu 5. Ni kidogo sana kuliko ile ya kipimo cha homa cha kioo, lakini si ya kuchezea. Ulimwengu ulijifunza ubaya wake ku Minamata, mji wa Japani, ambako ugonjwa wa watu waliokula samaki wenye zebaki ulijulikana mu 1956. Mapatano yenye jina la mji ule yalianza kazi mu 2017, na mu 2022 mataifa yaliyomo yalikubaliana kwamba nyingi za ampuli hizo za mrija zisitengenezwe wala kuuzwa inchi kwa inchi kupita mwaka 2025. Lakini zilizokwisha kufika zingali mu nyumba.

Ile ya mrija ikivunjika, watoto watoke, madirisha yafunguliwe dakika 10. Tusifagie, maana ufagio unasambaza unga. Tukusanye vipande kwa karatasi ngumu, tupanguse kwa kitambaa chenye maji, tutie vyote mu chupa yenye kifuniko, kisha tunawe mikono. Chupa ile isitupwe mtoni wala isiachwe pale watoto wanachezea.

Wenzetu, konje imekaribia. Kila mmoja wetu atakaporudi kwao, azimishe taa mchana, apande ku kiti kilicho imara, asome shingo ya kila ampuli, na awaambie wa nyumbani ile ya batri ni gani na ile ya grupu ni gani. Kazi hiyo haiombi feza. Inaomba mtu aliyefunzwa herufi.

Ni sisi, wasimamizi wa wanafunzi, mwaka wa sita.