Kiti cha Estrojeni

Mama mkubwa alirudi Magindu kutoka Dar akiwa na titi moja, vidonge vya miezi mitatu na neno lililomkera: homoni. Uvimbe wake ulipopimwa maabara ulikutwa na vipokezi vya estrojeni. "Homoni gani tena?" aliniuliza. "Hedhi yangu imekoma wewe ukiwa bado sekondari."

Swali zuri. Ovari zikichoka, mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni kidogo, na kidogo hicho huweza kutosha kuchochea seli zenye vipokezi vyake.

Majirani walikuwa na jibu lao: sindano za uzazi wa mpango. Hakuwahi kuchoma hata moja. Alizaa watoto saba na kuwanyonyesha wote. Uchambuzi wa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikuta kila miezi 12 ya kunyonyesha ikipunguza hatari ya saratani hii kwa asilimia 4.3. Kupunguza si kufuta. Nilipomweleza alicheka: "Basi hao saba wamenidhulumu."

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1896 George Beatson, daktari mpasuaji wa Glasgow, alieleza jinsi uvimbe wa matiti ulivyonywea baada ya kuwaondoa wagonjwa ovari. Neno homoni lilikuwa halijabuniwa bado. Tamoksifeni, dawa ya mama mkubwa, ilitengenezwa miaka ya 1960 wakati wanakemia wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Kwa kazi hiyo haikufaa kitu.

Miligramu 20 kila siku, miaka mitano. Mwezi wa nne nilikuta pakiti iko vilevile juu ya kabati. Joto lilikuwa linampanda ghafla, usiku analowesha kanga kwa jasho. "Ugonjwa wameshaukata. Sasa naumwa dawa." Hospitalini alipewa maelekezo ya kumeza, maelezo hakupewa, na mimi naona hapo ndipo wengi wanapopotea.

Nikamwambia kidonge kinawahi kiti cha estrojeni, kama mtu anavyowahi siti kwenye treni. Estrojeni ikifika, inakuta pamekaliwa.

"Na huyo aliyekaa akishuka?"

"Kiti kinabaki wazi, mama."

Akanyamaza. Kisha akaishusha pakiti, akahesabu vilivyobaki, akauliza nauli ya kwenda Dar siku hizi ni shilingi ngapi.