Ziwa na Shahidi Wake

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikidhani inawahusu wenye maduka pekee. Ilinichukua miaka mingi kung'amua kwamba yaweza pia kulihusu ziwa.

Mimi ni mzawa wa Kisian, magharibi mwa jiji la Kisumu, kando ya Ghuba ya Winam. Marehemu nyanya yangu alikuwa na kauli moja aliyoirudia kila tulipoteremka ufuoni: kwamba enzi za usichana wake alisimama majini hadi kiunoni na bado akaviona vidole vya miguu yake. Maji niliyoyajua mimi yalikuwa ya kijani, mazito, na aghalabu yakinuka. Nami, kwa ujuvi wa kidato cha nne, nikamjibu, "Dani, wazee wote husifu ya zamani." Alinyamaza. Nilidhani nimemshinda.

Nilipojiunga na chuo, nilikutana maktabani na jina la John Francis Talling (1929–2017), Mwingereza aliyeutolea umri wake uchunguzi wa vijimea vielea, yaani ule mwani mdogo mno ulio msingi wa chakula cha viumbe wengi wa ziwani. Mnamo 1960 na 1961 alilichunguza Ziwa Victoria akiwa Jinja, Uganda. Maji ya ziwa yalitiwa katika chupa angavu na katika chupa zisizopenya nuru, zikatumbukizwa katika vina mbalimbali, kisha oksijeni ikapimwa. Tofauti baina ya chupa hizo ilibainisha kiasi cha usanisinuru katika kila kina. Alirejea mahali pale pale, karibu na kisiwa cha Bugaia, miezi ikipokezana, akinakili halijoto, kemikali za maji na aina za mwani.

Makala yake ya 1965 na 1966 yalidhihirisha kwamba hata katika nchi zetu zisizojua theluji, ziwa lina majira yake. Kwa miezi mingi maji ya juu yenye joto hukaa juu ya yale baridi ya chini bila kuchanganyika. Ifikapo katikati ya mwaka, pepo za kusi huvuma, maji ya juu hupoa, tabaka hizo huvunjika, na rutuba iliyofungiwa chini hupanda kuulisha mwani.

Takriban miaka 30 baadaye, wataalamu walirejea wakiwa na rekodi ya Talling mkononi. Katika machapisho ya 1993, Rose Mugidde wa Uganda na Robert Hecky wa Kanada walionyesha kuwa uzalishaji wa mwani ulikuwa umeongezeka takriban maradufu, na wingi wake mara kadhaa. Daiatomu alizozishuhudia Talling zilikuwa zimewapisha sayanobakteria, ambao baadhi yao hutoa sumu. Upande wetu wa Kenya, Ochumba na Kibaara walikuwa wameripoti mlipuko wa viumbe hao mwaka 1989. Fosforasi na rutuba nyingine kutoka mashambani, katika ardhi iliyofyekwa misitu na katika majitaka ya miji, ilikuwa imelilisha ziwa kupita kiasi.

Waama, Bugaia si Kisian. Kule ni ziwa wazi lenye kina kirefu. Kwetu ni ghuba ya maji haba. Hata hivyo, niliposoma kurasa zile niliona haya. Likizo ilipofika, nilimwendea nyanya na kumweleza kwamba ziwa kwa kweli limebadilika, na kwamba kuna Mzungu aliyelipima kabla sijazaliwa.

"Kwa hiyo," akaniuliza, "hadi Mzungu aseme ndipo niwe sikusema uongo?"

Nilimeza mate. Nikamjibu kwamba si kwa sababu ya Uzungu wake, bali kwa sababu aliandika: siku gani, mahali gani, kina gani. Ndiyo maana Mugidde, Mwafrika mwenzetu, aliweza kuisahihisha dunia kwa kuilinganisha rekodi hiyo na yake.

Nyanya alitafakari, kisha akasema, "Nyakwara, mimi sikufunzwa kuandika. Wewe umefunzwa. Umeandika nini?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi, kila niendapo nyumbani, huchukua kisahani cheupe nilichokifunga kwa kamba, nikaombewa nafasi mtumbwini na mjomba, nikakiteremsha majini hadi kitoweke machoni. Urefu wa kamba nauandika daftarini pamoja na tarehe, saa na hali ya upepo. Nauandika kwa Kiswahili, ili vijana wa ufuoni wausome nao waendelee nisipokuwapo. Ni kazi ndogo mbele ya ile ya Talling, lakini ameniachia kielelezo chake: kurudi mahali pale pale, na kunakili. Mjukuu wangu akija kuambiwa kwamba bibi na babu zake husifu tu ya zamani, asikose pa kufungua.