Hapo Ni Hapo Tu

Kisiwani kwetu Pate, kijana wa bodaboda aliyenipakia kutoka Mtangawanda kwenda Pate mjini nilimuuliza jina la pale njia inapopinda. "Hapo ni hapo tu, ami," akanijibu, akakaza mwendo.

Njia hiyo zamani ilikuwa ya miguu na punda. Maji yakitoka, mashua haifiki Pate mjini, basi abiria walishuka Mtangawanda wakatembea kama saa nzima. Kila kipande kilikuwa na jina lake: kisima alichochimbisha mjane, mti wa kutulia mizigo, pale alipofia punda wa fulani. Mtu akichelewa, mamake aliuliza ameonekana wapi, akatajiwa jina, akajua kama atie chungu motoni.

Aliyenifunza majina hayo alikuwa mkulima wa tumbaku. Shamba lake lilikuwa ndani ya magofu, kama mengi ya Pate, na kuta za majumba ya wakubwa ndizo zilizokuwa ua wa tumbaku yake. Majani yalipoanikwa harufu ilikwama kooni, kali na tamu, ikachanganyika na vumbi la chokaa ya kale na samadi ya punda. Mpaka leo nikipita karibu na mtu anayetafuna tumbaku huiona mihrabu iliyopasuka, na mzee akigonga ukuta kwa mpini wa jembe: hapa palikuwa pa nani, nani aliolewa hapa, maji yalitekwa wapi. Miaka hakuwa nayo. Na kila jumba zuri, ajabu, lilikuwa la ukoo wake.

Wenye kalamu walikuja mapema. Bwana Kitini, mzee wa Pate, alimsimulia Mwingereza Stigand habari za masultani wa Kinabahani, na kitabu kikatoka mwaka 1913. Maandiko ya awali, yasemwa, yalipotea Witu, kule bara, Waingereza walipoushambulia mji mwaka 1890. Akaja mwanaakiolojia Chittick. Kisha mwenzake Mark Horton akachimba Shanga, kisiwani humu humu, miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine ya kale zaidi, wa mwanzo ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Ni kazi kubwa, siibezi. Ila wafalme na mawe ndivyo vilivyoandikwa. Kisima cha mjane hakikuulizwa na mtu. Nami nikayaandika majina ya mzee kwenye daftari la shule, pamoja na yale ya mikono ya bahari kwenye mikoko, ambayo manahodha walinitajia kwa shingo upande.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Simu, pikipiki, bandari mpya kule bara. Siku hizi ukielekezwa "kwenye mnara", ni mnara wa simu. Mawe ya magofu yamehamia kwenye misingi ya nyumba mpya, na wanaoyabeba ndio hao hao wanaojisifu mbele ya wageni kwamba mji wetu ni wa kale.

Mzee alipofariki wanawe waligombania mpaka wa shamba. Marehemu alikuwa akiutaja kwa jina la ukuta, na jina hilo lilikuwa limebaki kwenye daftari langu peke yake. Tukalipeleka kwa karani. Akausoma ukurasa wote, akauliza ukuta huo ni namba ngapi. Nikamwambia hauna namba. Kesi imeahirishwa, na ndugu hawasalimiani.