BUSTA HAIKUONGEZEI MASIKIO! NDUGU WAWILI WANUNIANA KISA REDIO YA LORI

Barabara ya Njombe kwenda Makambako ni kama kilomita 60 tu, lakini Juni na Julai asubuhi ni ukungu mtupu. Lori likikata pumzi kwenye kona, anayekuja nyuma analiona akiwa ameshafika. Ndo maana ndugu wawili wanaobeba mbao, mtu na mdogo wake, waliamua kufunga redio za upepo, zile za megahezi 27. Simu zipo ndiyo, ila nani atatafuta namba huku ameshika usukani kwenye ukungu?

Kaka mtu alifunga kawaida: redio ya wati 4 na antena ndefu. Dogo akataka sifa. Akachukua hela ya mbegu za viazi, mkewe hajui, akanunua busta ya wati 100. Antena akaweka fupi ya urembo, kaifunga kwenye bampa la plastiki.

Hewani sauti ikatoka nzito, kaka anamsikia vizuri. Siku moja kaka akaita: "Dogo, punguza mwendo, kuna semi imelala mbele!" Kimya. Akaita tena, kimya. Dogo aliokolewa na matawi ya miti yaliyowekwa barabarani. Kaka akajua amedharauliwa, dogo anaapa hakusikia kitu. Siku nne hawakusalimiana, mpaka mama yao akaingilia.

Fundi mmoja pale Makambako alicheka tu. "Dogo, umenunua mdomo, masikio umesahau."

Ukweli ndo huo. Busta ya namna ile inakuza sauti inayotoka, haisaidii kunasa inayoingia. Kazi ya kunasa ni ya antena. Wimbi la redio hizi lina urefu wa mita 11 hivi, robo yake ni karibu mita 2.7, kwa hiyo kijiti kifupi sana kinapoteza mengi. Pia antena ya namna hii inataka bati la gari liwe erthi yake, siyo plastiki. Kipimo cha SWR kilisoma zaidi ya 3, maana yake nguvu nyingi ilikuwa inarudi nyuma kuichoma busta yenyewe.

Fundi akaihamishia antena ndefu kwenye chuma cha kebini, akakwangua rangi chuma kiguse chuma, akairekebisha mpaka SWR ikashuka chini ya 1.5. Umeme wa lori ni volti 24 na redio inataka 12, akaweka kipunguzio. Busta akaing'oa. Akawakumbusha na kibali cha TCRA, masafa hayatumiki kienyeji.

Kwa wati 4 zilezile dogo akasikia: "Kamwene, mdogo wangu." Akajibu mara moja.

Busta ipo uvunguni mpaka leo. Na mkewe bado anaulizia mbegu za viazi.